Namna ya kuchagua mimea ya fensi ambayo wanyama hawataitafuna

Kwanza niseme kitu ambacho wauza miche huwa hawakisemi: mmea usioliwa kabisa hakuna. Mnyama akibanwa na njaa kiangazi atatafuna hata kile alichokuwa anakipita mwaka mzima. Tunachotafuta hapa ni mmea ambao ataonja mara moja halafu aende zake.

Kabla hujanunua chochote, chunguza nani anakula. Kijiti kikiwa kimechanikachanika kina nyuzinyuzi, huyo ni swala au paa, manake hana meno ya mbele ya juu kwa hiyo anang'ata na kuvuta, ila kikiwa kimekatika safi tena mshazari kama umepitisha kisu, na iko chini usawa wa goti hivi, huyo sungura. Ukikuta mizizi imefukuliwa usiku na gome limetafunwa karibu na ardhi, fikiria nungunungu, na huyo hata ubadilishe majani ya aina gani hajali.

Sasa, watu wengi wanakimbilia miiba. Miiba inazuia mnyama kupita, haimaanishi inamzuia kula! Angalia mawaridi, yana miiba na swala wanayapenda kupita maelezo, wanachuma machipukizi mororo kabla miiba haijakauka. Kayaba ina miiba mirefu mikali na ukiipogoa vizuri inafunga kabisa, ila matunda yake yanaita ngedere na ndege, kwa hiyo kama shida yako ni ngedere hapo umewaandalia karamu.

Kinachofanya kazi zaidi ni ladha, harufu na utomvu. Mnyaa, ule wenye vijiti vya kijani na maziwa meupe, karibu kila mnyama anaukwepa (kifaru mweusi anaila jamii hiyo ya mimea, lakini sidhani kama unaye bustanini), na kuupanda rahisi mno, unakata kipande, unakiacha siku kadhaa kidonda kikauke, unachomeka. Ila yale maziwa yakiingia machoni ni balaa, yanaweza kukutoa uwezo wa kuona kwa muda, vaa miwani na glavu unapokata. Oleanda pia hailiwi na ina maua mazuri, lakini ni sumu kila sehemu mpaka moshi wake ukichoma matawi, na mbono kaburi mbegu zake zina sumu na watoto wanaziona kama njugu. Kwenye nyumba ya watoto wadogo au mifugo mi binafsi hizo mbili nisingepanda, bora rozmari. Yenyewe mafuta yake yenye harufu kali yanawakera swala na sungura wote, haiumizi mtu, na unapikia, shida yake tu inataka jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji, halafu haiendi juu sana, mita moja na kitu hivi.

Lantana nayo inasifiwa sana, lakini inasambaa hovyo mpaka kwa jirani na inadhuru ng'ombe. Achana nayo.

Ukishachagua, usipande mmea mmoja fensi nzima, changanya miwili mitatu, kwa sababu akitokea mdudu au mnyama aliyezoea mmoja utabaki na uwazi sehemu tu. Panda mistari miwili ya kupishana, sentimita 30 hadi 50 kati ya mche na mche. Na miche hata ya mmea mchungu izungushie waya wa kuku msimu wa kwanza, kwa sungura urefu wa sentimita 90 unatosha na chini ufukie kama 15 hivi asichimbe akapita.

Usiipe urea nyingi eti ikue haraka, inatoa machipukizi laini yenye maji ambayo ndo hasa wanayataka. Kupogoa ni hivyohivyo, fanya wakati porini kuna majani mengi, siyo katikati ya ukame ambapo chipukizi lako litakuwa ndo kijani pekee mtaa mzima.