Somo: Tuifumue namba 510,510

Chukua kalamu na daftari, kikokotoo weka pembeni.

Hatua ya 1. Iangalie kabla ya kugawa. Ni 510 iliyoandikwa mara mbili. Namba ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili mfululizo, umeizidisha kwa 1,001. Kwa hiyo ni 510 × 1,001. Ukikimbilia kugawa kwa 2, kisha 3, utafika, ila utamu huu utakupita.

Hatua ya 2. 510 ni 51 × 10. Wengi huidhania 51 ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Jumlisha 5 na 1, unapata 6, basi inagawanyika kwa 3: ni 3 × 17. 10 ni 2 × 5. Nayo 1,001 ni 7 × 143, na 143 ni 11 × 13. Zipange:

2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 × 17

Namba tasa saba za mwanzo, kila moja mara moja tu! Hakuna namba ndogo kuliko hii yenye vigawo tasa saba tofauti.

Hatua ya 3. Idadi ya vigawo vyote. Kila namba tasa ama inaingia ama inabaki nje, njia mbili kwa kila moja: 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 128.

Hatua ya 4, niipendayo kuliko zote. 2 × 3 × 7 × 17 = 714. Zilizobaki, 5 × 11 × 13 = 715. Majirani! Sasa jumlisha kila kundi: 29 na 29. Mwaka 1974 kule Marekani, Hank Aaron aliivunja rekodi ya Babe Ruth ya hom rani 714 (mapigo ya kuvuka uwanja) kwenye besiboli kwa kupiga ya 715, na wanahisabati wakaziita jozi za aina hii kwa majina ya wachezaji hao wawili.

MASWALI

Mdau, Majengo Moshi: Mwalimu, shikamoo. Kikoba chetu tuko 12. Shilingi 510,510 zinagawanyika sawa?
— Marahaba. Hapana, zinabaki shilingi 6. 12 inadai 2 mbili, humu imo moja tu. Mngekuwa 14 au 15, sawa. Mkiwa 17, kila mmoja 30,030.

Mwanafunzi, Ngarenaro Arusha: Nikiongeza 1 napata namba tasa? 2,310, yaani 2 × 3 × 5 × 7 × 11, ilikubali.
— Kweli, 2,311 ni tasa. Lakini izidishe 2,310 kwa 13, ongeza 1: 30,031 ni 59 × 509, na 510,511 ni 19 × 97 × 277. Uhakika ulio nao ni mmoja: haigawanyiki kwa namba yoyote kati ya zile saba.

Mdau, Kiboriloni: Basi 510,510 ndiyo KDS (kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila moja) ya 1 hadi 17?
— Bado, kaka. 16 inataka 2 nne, 9 inataka 3 mbili. Ongeza 2 tatu na 3 moja, yaani zidisha kwa 24: 12,252,240.