Kuacha kazi inayokuumiza roho Lubumbashi, bila kuacha haki zako

Mtu ambaye moyo unamdunda kila akiona jina la chef (bosi) kwenye simu, asiyelala mpaka anywe lutuku (pombe kali ya kienyeji), anayelia chooni kabla ya mkutano, asiambiwe tu avumilie. Huyo ana sababu ya kutoka. Kosa ni kuamka Jumatatu na kuacha kwenda bila neno: mwajiri ataandika kwamba umetoroka kazi, atakufukuza kwa kosa kubwa, na wewe uliyeonewa ndiye utakayeonekana mkosaji.

Anza kwa daktari kabla ya barua. Mjini kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, na daktari wa kawaida naye anaweza kuanza nawe. Mweleze usingizi, hamu ya kula, pombe, hasira nyumbani. Mawazo ya kujiua yakiwapo, usingoje rendez-vous (miadi): nenda hospitali leo hii pamoja na ndugu. Ukipewa mapumziko, omba cheti kitaje siku tu bila jina la ugonjwa, kisha ukifikishe kazini upesi. Ugonjwa husimamisha mkataba, hauuvunji, na katika muda huo unastahili theluthi mbili za mshahara. Majuma mawili ya kulala vizuri yanabadilisha hata namna ya kuamua. Tumia pia nafasi hiyo kutibu watoto wanaohitaji matibabu, maana ukitoka, matibabu yanayolipwa na mwajiri yanakwisha.

Sasa toa mkataba wako kabatini. Sheria ya Kazi ya Kongo (RDC) namba 015/2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka mwajiri anayevunja mkataba usio na mwisho atoe preavi (taarifa ya mapema) isiyopungua siku 14 za kazi, pamoja na 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Mfanyakazi anayeondoka mwenyewe anatoa nusu yake. Ukiwa na miaka 4: 14 na 28 ni 42, nusu yake ni siku 21 za kazi. Hesabu inaanza kesho yake baada ya barua kupokelewa. Wakikuambia lazima miezi mitatu, waonyeshe hesabu hiyo. Kama hukuandikiwa mkataba wowote, sheria inakuchukulia kuwa una mkataba usio na mwisho, mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo.

Mkataba wenye tarehe ya mwisho, kama wanaopewa wengi kwenye sous-traitance za migodi (kampuni zinazofanyia migodi kazi kwa mkataba), ni mgumu zaidi. Ukiuvunja katikati bila sababu nzito unaweza kudaiwa fidia. Ikiwa imebaki miezi miwili, mara nyingi ni heri kuumaliza, au kukubaliana kwa maandishi muachane mapema.

Kuna mlango wa kutoka bila preavi. Matusi mazito, vitisho, kupigwa, kunyanyaswa kijinsia au kimaadili, mshahara kukatwa bila haki: hayo ni makosa makubwa ya mwajiri, hata yakifanywa na wenzako naye akinyamaza. Lakini lazima umwandikie ndani ya siku 15 za kazi tangu ulipojua jambo hilo. Wengi wanakwama hapa kwa kukosa ushahidi. Weka daftari nyumbani, si ofisini: tarehe, saa, maneno yenyewe, nani alikuwepo. «Saa mbili asubuhi, mbele ya mtunza ghala na dereva, aliniita mjinga, akanirushia faili» ina uzito. «Ananidharau kila siku» haina. Hamisha ujumbe wa WhatsApp kutoka simu ya kampuni, hifadhi bulletin zako zote za mshahara, lakini usichukue karatasi za siri za kampuni.

Barua iwe fupi, kwa Kifaransa: unaacha kazi, tarehe ya preavi kuanza na kuisha, sahihi. Hasira zako usiziweke humo. Kama unatoka kwa kosa la mwajiri, hapo ndipo unataja matendo na tarehe zake. Peleka nakala mbili, moja irudi na muhuri, tarehe na sahihi ya aliyepokea. Wakikataa kupokea, itume kwa njia inayotoa risiti.

Kabla ya kuipeleka, piga hesabu ya nyumba: kodi, unga, minervali (ada ya shule), likelemba (mchango wa kupokezana) ambayo zamu yako haijafika, na avansi watakayoikata kwenye dekonti (hesabu ya malipo ya mwisho). Ukiweza, weka kando gharama za miezi mitatu. Kama huna na afya imekwisha kuharibika, usisubiri akiba hiyo ikamilike. Zungumza na familia mapema nani atabeba nini.

Siku ya mwisho unadai mshahara wa siku ulizofanya, malipo ya likizo usiyoichukua, na cheti cha kazi. Ukipewa karatasi ya «solde de tout compte» (kwamba umelipwa yote) usiyokubaliana nayo, juu ya sahihi yako andika «sous réserve de tous mes droits» (haki zangu zote zikibaki). Wakigoma kulipa, peleka malalamiko Inspection du Travail (ofisi ya serikali ya ukaguzi wa kazi) ili iwasuluhishe. Mahakama ya kazi haipokei kesi yako kabla ya usuluhishi huo. Madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka 1, mengi ya mengine ya mkataba baada ya miaka 3, basi usiache kiburi cha kutotaka kuwaona tena kikupotezee muda. Na pita CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) kuhakikisha michango iliyokatwa kwenye mshahara wako ilifika kweli.