Somo: Namna ya kuacha sigara ukiwa chuoni

Ndugu zangu, somo la leo namlenga zaidi yule anayesema, "Mimi sio mvutaji, navuta nikiwa na washikaji tu." Ndio ninaokutana nao sana, na ndio ninaowahofia. Hana pakiti mfukoni. Ananunua moja moja kwa Mangi mwenye duka, anawashia kiberiti kilichofungwa kamba dirishani, basi. Pasipo pakiti hakuna hesabu. Ila ukivuta tano kwa siku, mwezi ukiisha umemaliza 150, yaani pakiti saba na nusu. Kenya sheria yao ya tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, na mimi naona walifanya jambo la maana.

Hatua ya 1: Andika kila sigara kwa wiki moja. Usijizuie bado. Andika kwenye simu saa, mahali na uliyekuwa naye. Utaona zinajirudia palepale: baada ya msosi wa mchana, ukitoka kupiga msuli (kujisomea), jioni kijiweni. Hizo nyakati ndizo utakazopambana nazo.

Hatua ya 2: Panga tarehe, isizidi wiki mbili mbele. Usichague wiki ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula), wala siku bumu (hela ya mkopo wa kujikimu) linaingia, maana hela ikiwepo kijiwe kinaita. Jumatatu ya wiki ya kawaida inatosha.

Hatua ya 3: Waambie watu. Mwenzako wa chumba, na yule mnayevuta naye. Mwambie hivi: "Kuanzia Jumatatu usinipe hata nikikubembeleza." Mwambie na Mangi. Watu wanaona aibu hapa, lakini kumwomba sigara mtu uliyemuaga kwamba umeacha ni kazi ngumu kweli, na ndicho tunachotaka.

Hatua ya 4: Jiandae na arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa sigara. Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo tulia usome. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na baada ya kama saa mbili nusu yake imeshatoka kwenye damu. Mwili unadai tena. Ukiacha, siku ya pili na ya tatu ndizo kali: hasira za bure, kichwa kuuma, njaa, unasoma ukurasa mmoja mara nne na hauingii. Baada ya hapo inapungua, na kwa wengi huisha ndani ya wiki mbili hadi nne. Hamu yenyewe ikikushika hudumu dakika chache tu. Usikae ukabishana nayo. Inuka, kunywa maji, zunguka bweni, tafuna karanga au bigijii mpaka ipite.

Kuna jambo moja watu hawaambiwi. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha, kasi hiyo inashuka, na kahawa ileile uliyozoea inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mwanafunzi anakesha na enaji zake mbili (vinywaji vya kuongeza nguvu, navyo vina kafeini) kama kawaida, mikono inatetemeka, moyo unadunda, usingizi hauji. Anaamini ni kukosa sigara, anarudi kwa Mangi. Kumbe ni kafeini. Siku unayoacha sigara, punguza kahawa na enaji kwa nusu.

Hatua ya 5: Ukiteleza, endelea. Umevuta moja kwenye sherehe? Ni moja. Usinunue ya pili kwa kusema "nimeshaharibu". Andika ilitokea wapi, kesho endelea.

Maswali ya wanachama

*Kaka, shisha je? Si maji yanachuja?*

Hayachuji sumu, mdogo wangu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kikao cha saa moja kinaweza kukuingizia moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Ongeza na hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa. Ukiacha sigara ukahamia shisha, hujaacha.

*Nikiwa na presha ya mitihani sigara ndiyo inanituliza. Si nitapata supu (mtihani wa marudio)?*

Kinachotulizwa ni arosto iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Asiyevuta haingii kwenye chumba cha mtihani akiwa na deni hilo. Kama UE ni wiki ijayo, panga tarehe mara tu inapoisha. Kama bado mwezi na zaidi, anza sasa.

*Dada mwenzangu wa chumba anavuta. Nimsaidieje bila kugombana?*

Usimseme mbele ya watu. Muulize mkiwa wawili, ametulia: "Hivi ulishawahi kutaka kuacha?" Kisha nyamaza umsikilize. Ila suala la kuvutia chumbani usilionee haya: moshi wa wengine huua zaidi ya watu milioni moja kila mwaka duniani, na mapafu yako yamo humo chumbani. Mkubaliane avutie nje.

*Mimi nikiamka tu lazima nivute kabla ya kupiga mswaki. Nitaweza kwa karanga?*

Hapana, wewe karanga peke yake hazitakutosha. Kuvuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka ni dalili kwamba nikotini imekushika sana. Nenda zahanati ya chuo au kwa mfamasia, uliza bigijii au plasta za nikotini. Zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Sio kila duka la dawa linazo, kwa hiyo zitafute kabla ya tarehe yako. Na waeleze kama una presha, tatizo la moyo au ujauzito, wakupangie kiasi.