Jinsi ya Kuandika Tukio la Uokoaji wa Majeruhi katika Filamu ya Vita
Kabla ya kuandika mazungumzo yoyote, amua majeruhi ameumia wapi na damu inamtoka kwa kasi gani, kwa kuwa jeraha ndilo litakaloendesha tukio zima. Risasi zikiwa bado zinarindima, tabibu wa kijeshi hatundiki dripu. Humvuta majeruhi mafichoni na, mguu ukibubujika damu, huufunga mkanda wa kuzuia damu upande wa juu wa jeraha, kuelekea kiunoni, akaukaza kwa kuzungusha kijiti cha mkanda huo mpaka damu ikome, kisha, akipata nafasi, huandika saa aliyoufunga. Kamera ikae hapo hapo, kwenye vidole vinavyoteleza kwa damu na kalamu inayogoma kuandika.

Ndani ya helikopta kelele humeza maneno, hivyo wahusika wawasiliane kwa ishara. Majeruhi afunikwe blanketi hata penye jua kali, maana anayepoteza damu hupoteza pia joto la mwili, na baridi huizuia damu kuganda. Tafadhali usimfanye mzigo wa machela tu. Mpe hofu yake na swali analolirudia.

Mikataba ya Geneva ya 1949 inataka majeruhi wa pande zote watibiwe, kwa hiyo fikiria pia askari adui anayevuja damu kando yake, huku mkanda uliobaki ni mmoja.