Kuangalia ubongo na ugwe wa mgongo vikijiumba ndani ya yai

Mayai ya trei hayafai. Kuku waliyoyataga hawakukaa na jogoo, na ukiyaweka kwenye mashine ya kuangulia utapata mayai viza tu. Tafuta ya kienyeji, kumi na mawili kwa darasa, kutoka banda lenye jogoo, na yaokotwe siku ileile.

Hiyo "siku ileile" ndiyo inayowashinda wengi Unguja na Pemba. Joto likipita nyuzi 21 hivi, kiinitete, yaani kifaranga kinachoanza kujiumba juu ya kiini, hakilali; kinakua polepole na ovyo. Wakati wa kaskazi chumba kinapita nyuzi 30, na kuku anayekuja kutaga yai jengine huyapasha moto yale ya juzi. Kwa hiyo saa ambazo yai limekaa mashineni zitakudanganya. Kujua umri wake, hesabu pingili: vijipande vilivyojipanga viwili viwili pande zote za mstari wa mgongo, mfano wa pingili za muwa.

Weka mashine nyuzi 37.5, na sahani ya maji ndani. Laza mayai ubavu, tia alama ya penseli juu, usiyageuze. Kiinitete hupanda chini ya alama hiyo. Yaingize kwa mafungu ili ufungue ya saa 26, 36 na 48. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Funika mashine kwa blanketi.

Pasha maji ya dripu ya chumvi 0.9% hadi nyuzi 37, mimina kwenye bakuli. Gonga yai upande wa chini, sio kwenye alama, ulifungue karibu kabisa na maji ili kiini kiteleze. Kiini kikipasuka, chukua yai jengine.

Hatua inayofuata inataka subira. Futa ute mzito juu ya kiinitete kwa ncha ya tishu, maana ukibaki, karatasi haigandi. Kata pete ya karatasi ya kuchujia yenye tundu la sentimita 1.5, iweke kiinitete kikiwa katikati, subiri nusu dakika. Kata utando kuzunguka pete kwa mkasi mdogo, inyanyue kwa koleo kutokea ukingoni, suuza umanjano kwa maji yale ya chumvi. Iweke kwenye sahani ya kioo juu ya kitambaa cheusi. Kioo cha kukuzia kinatosha kwa kuanzia, ingawa hadubini ndiyo itakayokuonesha kingo zenyewe.

Jozi 4 za pingili: bamba la neva, yaani tabaka bapa litakalokuwa ubongo na ugwe wa mgongo, limeshakunjamana, na kingo zake zinagusana kwanza usawa wa ubongo wa kati, halafu zinafungika kwenda mbele na nyuma kuwa bomba. Jozi 10: vifuko vitatu vya ubongo vinaonekana, macho yanachomoza ubavuni, moyo unaanza kudunda. Upande wa nyuma bado uko wazi, umetanuka kama jani. Hapo ndipo ugwe wa mgongo unapomalizia kufungika. Jozi 16, tundu la mbele la bomba limeziba.

Kwa binadamu bomba hili huwa limefungika kufikia siku ya 28 hivi tangu kutungwa mimba, mara nyingi mama mwenyewe hajajijua. Ndiyo maana foliki asidi, miligramu 0.4 kwa siku, huanzwa kabla ya kushika mimba. Nyuma kusipofungika mtoto huzaliwa na mgongo wazi; mbele kusipofungika, ubongo na fuvu havikamiliki.

Kosa la kawaida ni kuliita bomba lililo wazi "kilema". Lenye jozi 3 lazima liwe wazi. Kichwa kikiwa bado wazi kwenye jozi 20, hapo kuna hitilafu, na kabla ya kulaumu yai pima joto la mashine: likizidi sana, nalo huharibu viinitete. Ukiona pete ya damu tu juu ya kiini, kilikufa mapema.

Mayai na viinitete vilivyobaki vitie friza usiku mzima kabla ya kuvitupa, na kila mtu anawe mikono kwa sabuni.