Inauspicious: jinsi ya kulitumia bila kuchemsha

Hili neno ukikutana nalo mara ya kwanza linatisha, refu kama treni ya mizigo, ila ukishalizoea utaliona kila saa hasa kwenye habari za michezo. Kulitamka ni in-o-SPI-shas, nguvu weka kwenye SPI, na hiyo "au" usiisome kama ya kaunta, inatoka "o".

Maana yake ni kitu kilichoanza na dalili mbaya, yaani ukikiangalia tu unasema hapa hamna kitu. Asili yake ndo tamu sasa. Kwa Kilatini avis ni ndege, specere ni kutazama, maana Warumi wa kale kabla ya vita au jambo lolote kubwa walikua na watu maalum wa kutazama ndege wanavyoruka, na hata kuku wanavyodonoa, kuku wakigoma kula basi mkosi huo. Na sisi mbona tunalo hilohilo, wazee wa pwani wakisema "ndege mbaya" hawaongelei kunguru wala Airbus, ni dalili ya shari. Kwahiyo likikutoka kichwani kumbuka ndege mbaya, basi.

Linapenda kukaa na start, beginning na debut, na mbele yake ni "an" sio "a". Mfano: Messi had an inauspicious debut for Argentina. Ilikua 17 Agosti 2005, mechi ya kirafiki na Hungaria, dogo kaingia kipindi cha pili, dakika kama mbili tu kala kadi nyekundu, na huyohuyo 2022 kabeba Kombe la Dunia. Ndo maana ukiliona neno hili kaa mkao, mara nyingi kuna "but" inakuja nyuma.

Ila usimwite mtu hivyo. Mi niliwahi kuandika "an inauspicious man" nikimaanisha jamaa simwamini, mwalimu akazungushia wino mwekundu, pembeni akaandika suspicious. Aliyeibiwa simu ni unlucky. Wingu jeusi linalotisha ni ominous, wakati inauspicious haitishi, inakatisha tamaa tu.

Ukitoa hiyo "in" inakua kinyume chake, jambo la heri. Wale ma-MC wa harusi wanapenda sana "on this auspicious occasion", we sikiliza tu asije akachomekea "in" mbele ya wakwe.