Pikapu ya Zamani Inatikisika Mbele: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kifaa

Pikapu nyingi za zamani zinazoletwa gereji kwa kutikisika mbele huwa zimeshabadilishwa vifaa viwili vitatu. Mwenye gari kaambiwa ni shokapu, kaenda Kariakoo kununua, gari halikutulia. Kaambiwa tairodi, ile fimbo ya stelingi inayogeuza magurudumu, kanunua tena. Linatikisika vilevile. Fedha ya mtu inayopotea kwa kubahatisha inaniuma, kwa hiyo naeleza hapa utaratibu ninaoufuata. Sehemu kubwa unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa na jeki, stendi, bisibisi na mtu mmoja wa kukusaidia.

Hatua ya 1: Endesha, usikilize

Kutikisika na kuruka ni vitu viwili. Usukani ukicheza kushoto na kulia kwa haraka, shuku tairi ambazo hazijabalansiwa (uzito wake haujasawazishwa) au kiungo cha stelingi kilicholegea. Pua ya gari ikidunda juu na chini, shuku tairi lililopoteza mviringo, rimu iliyopinda au shokapu iliyokufa. Ikitikisika ukikanyaga breki tu, nenda moja kwa moja kwenye diski za breki.

Angalia na spidi. Tatizo la balansi mara nyingi huanza kati ya kilomita 70 na 100 kwa saa, na huweza kupungua ukipita hapo. Tairi lililoharibika umbo utalisikia likidunda hata kwenye 30. Jaribio la spidi usilifanye Barabara ya Mandela katikati ya malori. Subiri barabara tupu nje ya mji, pale spidi hiyo inaporuhusiwa.

Kuna aina moja ya hatari: unapita shimo au kiungo cha daraja kwenye 60 au 80, na ghafla mbele yote inatetemeka kwa nguvu hadi usukani unataka kukutoka mikononi. Hapo achia mafuta, shika usukani bila kupambana nao, punguza mwendo taratibu, ingia pembeni. Usikanyage breki kwa kishindo. Gari la namna hiyo lisirudi barabarani mpaka chanzo kipatikane.

Hatua ya 2: Anza na matairi

Kwanza ni rahisi kuyakagua, pili ndiyo chanzo mara nyingi sana. Wakati wa masika chungulia upande wa ndani wa rimu. Tope la barabara za mitaani hukauka humo likawa kama udongo wa kufinyangia, na bonge moja linatosha kuvuruga balansi. Kwangua, osha, ujaribu tena kabla ya kumlipa mtu yeyote. Tazama pia kama vyuma vidogo vya kubalansia vimedondoka. Alama ya gundi iliyobaki kwenye rimu itakuonyesha.

Kisha soma umri wa tairi. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata (meno ya juu) nzuri huku nyuzi za ndani zimeachana.

Sasa inua gurudumu. Mchanga wetu wa Dar hautabiriki, kwa hiyo weka ubao mpana chini ya jeki, zuia tairi za nyuma kwa mawe, na uweke stendi chini ya ekseli. Simamisha bisibisi juu ya tofali, ncha yake ikaribie uso wa tairi bila kugusa, halafu zungusha gurudumu polepole. Tazama mwanya tu. Ukipanuka na kusinyaa kwa zaidi ya milimita moja na nusu hivi, tairi au rimu haina mviringo. Sogeza ncha kwenye ukingo wa rimu urudie. Ndipo utajua kosa ni la nani kati yao. Ukiona uvimbe popote, tairi hilo litoke leo hii.

Kama bado una shaka, peleka tairi za mbele nyuma. Mtikisiko ukihama kutoka kwenye usukani kwenda kwenye kiti, umepata jibu bure.

Hatua ya 3: Tikisa gurudumu kwa mikono

Gurudumu likiwa juu, lishike juu na chini ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki, urudie. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni bolijointi, kile kiungo cha mpira wa chuma ambacho gurudumu hugeukia, au beringi za kingpini, zinazofanya kazi hiyohiyo, kwa zile za ekseli nzima, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele. Kisha lishike kushoto na kulia: mchezo wa upande huo ni wa tairodi au boksi ya stelingi.

Hatua ya 4: Jaribio la chini ya gari

Mafundi wengi huliruka hili, na mimi naliamini kuliko yote. Tairi zote zikae chini zikibeba uzito, gari likiwa kwenye pakingi na limezuiwa. Kama stelingi ni ya pawa, injini iwake. Msaidizi azungushe usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, bila kusimama. Wewe lala pembeni, mbali na feni na mikanda, uweke kidole gumba kwenye maungio ya kila kiungo: nusu ya kidole upande mmoja, nusu upande wa pili. Kiungo kizima hugeuka bila mwanya. Kilichokufa utakisikia kikigonga kidole kabla fimbo ya pili haijasogea. Usidanganywe na raba ya juu iliyo nzima.

Hatua ya 5: Kwa zenye ekseli nzima mbele

Hilux LN106 ya miaka ya 1990 na Land Cruiser mkonga za 75 na 79 zina beringi za kingpini ndani ya kichwa cha ekseli. Chomoa tairodi, geuza kichwa kwa mkono. Kinapaswa kuwa na ukinzani. Kikiyumba kirahisi, beringi zimelegea au zimekwisha, na dawa ni kuzibadilisha na kupanga upya shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebisha mkazo. Kwenye 79, yenye springi za koili, kagua pia bushi za fimbo inayozuia ekseli isiende pembeni. Tundu la bolti yake likishapanuka, kukaza bolti hakusaidii.

Hatua ya 6: Shokapu

Mafuta yanayovuja yanajieleza. Ukitoka barabara mbaya, ziguse kwa tahadhari: iliyofanya kazi ina joto, iliyokufa ni ya baridi. Mabonde mabonde kwenye tairi ni ushahidi mwingine.

Shokapu ya stelingi, ile inayotuliza usukani, iache mwisho. Ukifunga mpya, mtikisiko hupungua na mteja huondoka anatabasamu, huku kiungo kibovu kikiendelea kulika. Mficha maradhi kilio kitamfichua, na kilio cha barabarani ni kibaya.

Mpangilio wa kutengeneza

Badilisha kilichothibitika kibovu, kisha balansi, kisha alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Ukipiga alaimenti kabla ya kubadilisha tairodi, utailipia mara mbili. Rudi kwenye barabara ileile uliyojaribia, kwa spidi ileile, na baada ya kilomita 100 hivi kaza tena nati za magurudumu yote uliyofungua.